Flashi ndogo, taa kubwa, kiakisi au LED: uchague nini kwa picha za watu jua linapozama?

Ukipiga picha ya mtu huku jua linazama nyuma yake, kamera inakulazimisha uchague. Ukipima mwanga wa uso, anga linaungua na kubaki weupe mtupu. Ukipima mwanga wa anga, uso unazama gizani. Macho yetu yanaviona vyote viwili kwa wakati mmoja, kamera haiwezi, na hapo ndipo taa inapoingia. Swali linalofuata huwa ni lile lile: ninunue flashi ndogo, taa kubwa ya betri, kiakisi (kitambaa cha kurudisha mwanga usoni), au LED ambayo nitaitumia na kwenye video?

Nitavilinganisha vyote vinne, ila msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu huhangaika na nguvu ya taa kabla hawajajua watapiga picha dakika zipi za jioni. Kila kifaa kina dakika zake. Ukizijua zako, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Saa kwanza, kifaa baadaye

Mchana wa jua kali, mwanga unaofika ardhini ni kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Jua linapogusa upeo wa macho katika anga safi, zimebaki takriban luksi 400. Likifika nyuzi 6 chini ya upeo, zinabaki luksi tatu na kitu. Kutoka jua kuzama mpaka hapo ni stopu karibu saba; kushuka stopu moja ni mwanga kupungua nusu, kupanda moja ni kuongezeka mara mbili. Karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo safari hiyo yote huisha kwa dakika 20 na kidogo: unapoteza stopu moja kila baada ya dakika tatu hivi. Ukienda mbali kaskazini au kusini, jua hushuka kwa mshazari na jioni hurefuka, hivyo ushauri wa mtu anayepiga picha kule haukufai moja kwa moja kama upo huku. Yeye ana muda wa kubadilisha lenzi na kuhamisha stendi. Wewe unatakiwa uwe umeshafunga kila kitu kabla jua halijagusa upeo.

Mimi jioni naigawa mara tatu. Kwanza jua bado liko juu ya upeo, linachoma jicho lakini nuru yake ni ya dhahabu. Pili jua limegusa upeo au limezama sasa hivi, na anga lina rangi zake zote. Tatu ile rangi ya chungwa imebaki mstari mwembamba, na juu yake ni buluu nzito. Katika ulinganisho huu nitaziita sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Kwa nini flashi, na kwa nini isikae juu ya kamera

Picha ya flashi nje hubeba mwanga wa aina mbili, na kila mmoja una usukani wake. Kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, inatawala anga peke yake, kwa sababu mweko wa flashi ni mfupi mno kuliko muda shata inaokaa wazi. Nguvu ya flashi na umbali wake vinatawala uso. Tundu la lenzi (namba ya f, ikiwa ndogo tundu ni pana) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) vinagusa vyote viwili.

Chukua mfano huu. Jua limegusa upeo. ISO 100, f/5.6, shata 1/200, flashi imezimwa: anga limetoka vizuri, mtu ni kivuli tupu. Sasa weka flashi ndogo kwenye stendi, mita moja na nusu kutoka kwake, juu kidogo ya kichwa, pembeni kwa nyuzi 45, ikipita kwenye mwavuli mweupe, nguvu robo. Uso unatokea, anga halijaguswa. Uso ukizidi mwanga, shusha flashi hadi 1/8. Ukiwa hafifu, panda hadi nusu. Dakika sita baadaye anga limeshuka stopu mbili: shusha shata hadi 1/50 na usiguse kitu kingine chochote. Uso unabaki vile vile, anga linarudi. Ni jambo dogo, lakini aliyelizoea hababaiki jioni inapokimbia. Ukifika 1/15 au chini ya hapo, flashi bado itagandisha uso, ila kingo za mwili zilizo mbele ya anga angavu zitaacha ukungu wa kutikisika. Hapo mwambie mtu asimame tuli, au panda hadi ISO 400 na ushushe flashi stopu mbili.

Flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga unatoka ulipo wewe na kuupiga uso bapa: pua, mashavu na paji vyote kiwango kimoja. Ikitoka pembeni, uso unapata upande wenye mwanga na upande wa kivuli, na macho yanapata nukta ya uhai. Kwenye ngozi nyeusi hili lina uzito zaidi, kwa sababu umbo la uso mweusi linasomeka sana kwa mng'ao. Taa ndogo iliyo uchi huacha vidoa vya kung'aa kwenye paji na ncha ya pua. Taa ileile ikipita kwenye kitambaa kipana kilicho pembeni huutandaza mng'ao huo shavuni na kwenye mfupa wa taya, na ngozi inaonekana na kina chake. Wengi hujaribu kutatua hili kwa kuongeza nguvu. Ongeza ukubwa wa kitambaa na ukisogeze karibu.

Flashi ndogo au taa ya wati-sekunde 200 na kuendelea

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Flashi ndogo, zile zinazopachikwa juu ya kamera, nyingi zina nguvu ya takriban wati-sekunde 60 hadi 80, yaani kipimo cha nishati ya mweko mmoja. Taa za betri za kubebeka huanzia 200, kama Godox AD200, na kupanda hadi 400 na 600. Kwa hesabu ya namba tu, 200 inaonekana ni mara tatu ya flashi ndogo. Kwenye picha hiyo ni stopu moja na nusu. Kutoka flashi ndogo hadi 600 ni stopu tatu. Stopu tatu ni nyingi, lakini unaweza kupata mbili bure kwa kusogeza taa kutoka mita tatu hadi mita moja na nusu, maana umbali ukipungua nusu, mwanga unaongezeka mara nne.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: je, unaweza kuisogeza? Kwa mtu mmoja, picha ya kuanzia kiunoni kwenda juu, taa inakaa mita moja na nje ya fremu. Katika sehemu ya pili na ya tatu ya jioni flashi ndogo inatosha kabisa, tena na akiba. Kwa mtu mzima kuanzia kichwa hadi miguu mandhari yakiwa mapana, au familia ya watu wanane, taa inarudi nyuma mita tatu au nne, na hapo flashi ndogo inapiga nguvu yote kila picha. Ikipiga nguvu yote inachelewa kujijaza: kwa betri za AA unasubiri sekunde mbili, tatu, na zaidi kadiri betri zinavyochoka. Unabonyeza, mweko hautoki, na lile tabasamu ndilo ulilokuwa unalisubiri.

Taa ya 200 hupiga kazi ileile kwa nguvu ya theluthi, hujijaza upesi na haipati joto haraka. Kwenye sehemu ya kwanza ya jioni, jua likiwa bado juu ya upeo na wewe unataka anga la buluu lisiungue, hiyo ndiyo naiona saizi ya chini ya kukaa nayo bila wasiwasi. Flashi ndogo itafanya kazi siku nyingine na siku nyingine itakuangusha.

Kuhusu 400 na 600, naziona ni za anayepiga mchana wa jua, makundi makubwa, au anayetumia softiboksi (kasha la kitambaa la kulainisha mwanga) pana ya zaidi ya mita moja yenye vitambaa viwili, ambavyo vinaweza kula stopu moja mpaka mbili. Kwa machweo ya mtu mmoja au wawili ni mzigo. Flashi ndogo ina uzito wa nusu kilo hivi, ya 200 haifiki kilo moja, ya 400 na 600 ni kilo mbili na zaidi, na kilo mbili juu ya stendi ya mita mbili kwenye upepo zinataka mtu wa kuishikilia. Ukiwa peke yako, uzito ni sababu halali ya kukataa taa.

Tena kuna shida ambayo watu hawaitarajii: taa kubwa wakati mwingine haishuki vya kutosha. Kwenye sehemu ya tatu, ukiwa f/2 na ISO 400, unahitaji mweko mdogo sana. Flashi ndogo hufika 1/128 ya nguvu yake ndogo. Kabla ya kununua taa ya 600 angalia inashuka hadi wapi, si inapanda hadi wapi tu.

HSS au kichujio cha ND

Kamera nyingi zinaruhusu flashi hadi shata ya 1/200 au 1/250. Ukizidi hapo, pazia la shata halifunguki lote kwa mara moja, na sehemu ya picha inabaki nyeusi. Ukitaka f/2.8 ili mandhari yayeyuke nyuma, na mwanga ni ule wa mfano wa juu, shata inatakiwa iende 1/800. Una njia mbili.

HSS, yaani flashi kufanya kazi na shata ya kasi kubwa, hufanya flashi imwage mweko mwingi mdogo mdogo mfululizo wakati pazia linapita. Inafanya kazi, ni rahisi, unabonyeza kitufe kimoja. Bei yake ni nguvu: unapoingia tu kwenye HSS mwanga unaanguka sana, na kila unapoongeza kasi ya shata unaanguka tena. Katika mfano wetu, flashi ndogo iliyokuwa inapumzika kwenye robo nguvu sasa itakuwa karibu na nguvu yote, ingawa tundu la lenzi limefunguka.

Kichujio cha ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, kinapunguza kila kitu sawasawa. Cha stopu mbili kinakuacha f/2.8 na shata 1/200, na flashi inabaki robo vile vile. Kwa mwenye flashi ndogo, huo ni ushindi mkubwa kwa kipande cha kioo. Hasara yake ni kwamba kamera inapata taabu kushika fokasi giza linapoingia, na kwenye kamera za kioo (DSLR) unachungulia kwenye tundu lililofifia. Vichujio duni pia huleta rangi isiyo yake, na ngozi ndiyo ya kwanza kuionyesha.

Ushauri wangu: mwenye taa ya 200 atumie HSS na asijisumbue. Mwenye flashi ndogo anunue ND ya stopu mbili au tatu, na aivue dakika chache baada ya jua kuzama, kwa sababu kuanzia hapo shata itakuwa chini ya 1/200 yenyewe. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama zile za familia ya Fujifilm X100, huruka tatizo hili kwa sehemu kubwa, na Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023 inapatanisha flashi hadi 1/80,000 kwa kuwa kihisi chake kinasoma picha yote kwa mpigo mmoja. Ni kamera nzuri, lakini usinunue kamera kwa sababu ya machweo. Na kitu kidogo cha kukumbuka: kwenye kamera nyingi shata ya kielektroniki hairuhusu flashi kabisa. Flashi isipowaka, anza kuangalia hapo.

Kiakisi

Lile duara la kitambaa linalokunjwa ni rahisi, jepesi, halina betri, na unaona matokeo kwa macho kabla ya kubonyeza. Katika sehemu ya kwanza ya jioni linafanya kazi nzuri sana: jua liko nyuma ya mtu, linachora mstari wa dhahabu kwenye nywele na mabega, na upande mweupe wa kiakisi unarudisha nuru hiyohiyo usoni. Rangi zinalingana bila kufanya lolote. Upande wa fedha una nguvu zaidi lakini unamfanya mtu akunje macho. Upande wa dhahabu siupendi saa hizo, kwa kuwa nuru ya jioni tayari ina dhahabu ya kutosha na ngozi inageuka rangi ya chungwa.

Kasoro yake ni moja na haina tiba. Jua likizama, hakuna cha kuakisi. Kwa hiyo kiakisi na flashi si wapinzani. Kiakisi ni cha nusu saa ya kwanza, flashi inapokea baada yake. Pia kinahitaji mikono ya mtu wa pili, na msaidizi asiyejua hukiweka chini magotini, mwanga ukapanda kutoka chini na kutia kivuli juu ya pua. Mwambie akiinue hadi usawa wa kifua au bega na akielekeze kutoka pembeni.

LED

Faida ya LED ni kwamba unachokiona ndicho unachokipata. Anayejifunza hujua mara moja kivuli cha pua kinaangukia wapi, kamera hupata mwanga wa kushikia fokasi, na taa hiyohiyo inarekodi video. Lakini mbele ya anga ambalo jua lipo kwenye upeo, LED ya wati 60 ndani ya softiboksi haifui dafu. Flashi humwaga mwanga wake wote katika sehemu ndogo ya sekunde. LED huugawa muda wote, na kamera huchukua ule wa 1/200 ya sekunde tu. Itakubidi usubiri sehemu ya tatu, anga lishuke lilingane nayo, na hapo utakuwa ISO 400 au 800 na tundu wazi. Kama kazi yako ni video na picha chache za baada ya jua kuzama, inunue kwa amani. Kama ni picha za machweo yenyewe, itakukatisha tamaa katika zile dakika unazozitaka.

Kuna pia wanaopiga bila taa yoyote, wanalinda anga na kisha kuuinua uso kwenye kompyuta kutoka faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana. Kamera za sasa zinavumilia stopu mbili bila kelele nyingi (chembechembe kwenye picha). Lakini mwanga ulioinuliwa hauna upande: uso unakuwa mweupe zaidi, haupati umbo. Natumia njia hiyo kwa picha ya matembezi, si kwa kazi ya kulipwa.

Mwavuli au softiboksi

Mwavuli ni rahisi na hufunguka upesi, lakini unamwaga mwanga kila upande, na nje hakuna ukuta wa kuurudisha. Upepo wa jioni ukiupata, unaubeba kama tanga. Softiboksi ya sentimita 60 hadi 90 hubana mwanga pale unapoutaka na haupotei kwenye nyasi za mbele, ambazo zikipigwa flashi huharibu picha kwa kung'aa kuliko uso. Nje nachagua softiboksi bila kusita, na kiungo cha chini cha stendi nakitundikia mkoba wa vifaa. Mwavuli upewe nafasi ukiwa na msaidizi wa kuushika na hewa imetulia.

Rangi: msiisahau

Mweko wa flashi una joto la rangi la takriban 5,500 K (kelvini, namba ikishuka rangi inakuwa ya dhahabu zaidi), mweupe wa mchana. Jua la kuzama liko chini sana ya hapo, 3,000 K au pungufu. Ukiacha flashi ilivyo, uso unatoka mweupe wa baridi mbele ya anga la dhahabu, na hata asiyejua upigaji picha atasema mtu huyu amebandikwa. Karatasi ya CTO, ya plastiki yenye rangi ya chungwa, ya nusu mbele ya flashi inaishusha hadi karibu 3,800 K, na uso unaonekana umeangazwa na jua lilelile. Inakula kama nusu stopu. Ya robo inatosha kama unataka joto kidogo tu. Kwenye sehemu ya tatu weka CTO kamili na kamera kwenye mizani ya rangi ya balbu, 3,200 K: uso unarudi rangi yake ya kawaida na anga linazama kwenye buluu ambayo macho hayakuiona. Katika vyote nilivyovitaja, hiki ndicho cha bei ndogo kabisa na ndicho kinachobadilisha picha zaidi.

Ukinunua leo

Anayeanza, anapiga mtu mmoja au wawili: flashi moja ndogo yenye betri ya lithiamu, triga ya redio (ya kuiwasha flashi kwa mbali), stendi, softiboksi ndogo, ND ya stopu mbili na CTO ya nusu. Apange kazi yake ianze jua likigusa upeo, na kiakisi kikae mkobani kwa ajili ya wanaofika mapema. Anayepiga harusi na familia, ambaye hawezi kumwambia mteja asubiri jua lishuke, aende moja kwa moja kwenye taa ya 200. Akiona haitoshi, aongeze ya pili ya aina hiyohiyo kabla ya kufikiria 600: mbili pamoja zinampa stopu moja, na moja ikiharibika kazi haisimami.

Triga iwe ya redio, ya 2.4 GHz. Mfumo wa zamani wa kuamshana kwa mwanga hupotea kwenye jua na unataka flashi ionane na kamera. Na kama triga ina TTL, yaani kamera inajipimia yenyewe nguvu ya flashi, itumie kwa mtoto anayekimbia huku na huko. Kwa mtu aliyesimama mahali pamoja, weka nguvu kwa mkono, kwa kuwa anga angavu nyuma yake huidanganya TTL, na uso utakuwa unapanda na kushuka kutoka picha moja hadi nyingine bila wewe kugusa kitu.